Namba 4,294,967,297: Fermat aliikosaje 641?

#1 · Mwana wa Malagarasi

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linanisumbua kichwa siku nyingi, naomba tulijadili. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyekuwa akifanya hisabati kwa mapenzi tu, aliwaandikia wenzake kuhusu namba za aina moja. Chukua 2, ipandishe kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea hivyo kwa kuzidisha mara mbili, kisha ongeza 1. Zinatoka 3, 5, 17, 257, 65537. Zote tano ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Inayofuata ni 2^32 + 1, yaani 4,294,967,297. Fermat akasema anaamini nayo ni tasa, na zote zitakazofuata milele.

Si kweli. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417.

Sasa itazameni hiyo 641. Ni namba ya tarakimu tatu! Na Fermat alikuwa na kanuni yake mwenyewe inayopunguza kazi: kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Tasa za namna hiyo kuanzia chini ni 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu.

Dai langu ni kwamba Fermat hakuijaribu kabisa. Aliona tano za mwanzo zimekubali, akaridhika. Mwenye maelezo mengine aje na hoja.

#2 · Kitunda Boy

Nimevuta kigoda, nafuatilia.

#3 · BintiTanga

Nimejaribu sasa hivi kwa kikokotoo cha kawaida cha simu. Wala huhitaji kugawanya namba ndefu yote. Unazidisha namba kwa yenyewe, na kila hatua unabaki na baki tu.

2^8 ni 256. 256 × 256 ni 65,536. Ukigawanya kwa 641 inabaki 154. 154 × 154 ni 23,716. Na 641 × 37 ni 23,717. Imepungua moja tu! Maana yake 2^32 inabakiza pungufu ya moja, ukiongeza ile 1 inatoka sifuri. Imeisha.

Nimezipitia na zile nne za kabla yake kwa njia hiyohiyo: 193 inabakiza 109, 257 inabakiza 2, 449 inabakiza 325, 577 inabakiza 288. Chai yangu haijapoa. Naungana na mleta uzi, mtu aliyejaribu angeiona.

#4 · Ngalawa ya Mtwapa

Mimi napinga, ndugu zangu. Mwaka huohuo wa 1640 Fermat alichukua 2^37 − 1, yaani 137,438,953,471, akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 223. Alifikaje? Kwa kanuni ileile: kigawo tasa cha namba hiyo lazima, ukikigawanya kwa 37, kibakize 1. Akapunguza orodha, akagawanya, akapata. Mtu aliyetoka kununua panga jipya hapiti msituni bila kukata hata kijiti.

Kwa hiyo alijaribu. Alijaribu, na mahali fulani katika hesabu ya mkono akakosea tarakimu moja. Mwenye kalamu ya unyoya na karatasi anaweza kukosea hata kwenye 154 × 154.

#5 · Mzee wa Chaki

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Kwa wanaojiuliza hiyo 64 imetoka wapi, nieleze kidogo, maana mleta uzi amepita haraka. Tuseme p ni tasa inayogawa 2^32 + 1. Basi 2^32 ukiigawanya kwa p inabakiza −1. Ukiizidisha kwa yenyewe, 2^64 inabakiza 1. Na hakuna kipeo kidogo kuliko 64 kinachobakiza 1, kwa sababu kingekuwepo kingelazimika kuigawa 64, hivyo kingeigawa na 32, na 2^32 ingebakiza 1 badala ya −1. Kanuni ya Fermat inasema 2 kwa kipeo cha p − 1 daima inabakiza 1. Kwa hiyo 64 lazima iigawe p − 1. Ndiyo maana p ni 64 mara kitu fulani, kuongeza 1.

Niliwahi kuwapa kidato cha pili hesabu hii ubaoni bila kuwaambia jibu. Niliwagawia kila dawati tasa yake moja. Dawati la 641 lilipiga kelele hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia.

#6 · Kaka Chogo

Euler alikuwa hatari. Yule mzee aliigawanya hii namba kichwani akiwa kipofu, halafu akiwa Berlin kwenye baridi. Sisi na vikokotoo tunalalamika.

#7 · BintiTanga

Kaka Chogo #6, hapana. Euler alizaliwa 1707, kwa hiyo mwaka 1732 alikuwa na miaka 25 na macho yote mawili. Jicho la kulia lilianza kumsumbua mwaka 1738, na upofu kamili ulikuja uzeeni. Na hakuwa Berlin, alikuwa St. Petersburg. Berlin alihamia 1741. Baridi umepatia.

#8 · Kaka Chogo

Hahaha haya dada, baridi nimepatia. Inatosha.

#9 · Fundi Flashi

Hii namba naifahamu kwa njia nyingine kabisa. Mteja alileta flashi ya 32GB, tupu, anataka niweke video ya harusi ya dada yake. Nafasi ipo tele, video inakataa kuingia. Flashi ilikuwa imefomatiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili. Kwenye mfumo huo ukubwa wa faili huandikwa kwa biti 32, hivyo faili moja haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295. Ukiongeza baiti moja tu, linakataa. Nikahamisha vitu, nikafomati upya kwa exFAT, ikaingia.

Namba yenu imezidi hiyo kwa 2. Hizi mbili ni ndugu au zimegongana tu?

#10 · Mzee wa Chaki

Fundi, ni ndugu wa damu kabisa. Gawanya hiyo 4,294,967,295 na utaona: 3 × 5 × 17 × 257 × 65537. Ni zao la zile tano za Fermat zote.

Haikutokea kwa bahati. 2^32 − 1 ni (2^16 + 1) × (2^16 − 1). Hiyo ya pili nayo inavunjika kuwa (2^8 + 1) × (2^8 − 1), na kuendelea hadi unafika 3. Kwa hiyo kila namba ya Fermat ni zao la zote zilizoitangulia, kuongeza 2. Christian Goldbach, mwanahisabati rafiki wa Euler, aliliona hilo. Na humo mnatoka jambo zuri sana: namba mbili za Fermat haziwezi kuwa na kigawo kimoja, maana kigawo hicho kingelazimika kuigawa 2, na zote ni witiri. Namba za Fermat hazina mwisho, kila moja ina vigawo vyake tasa ambavyo nyingine haina, basi tasa nazo hazina mwisho. Uthibitisho umekamilika kwa mistari mitatu.

BintiTanga, ndiyo maana 257 ilikubakizia 2 pale #3. Isingeweza kubakiza kitu kingine.

#11 · BintiTanga

Mzee wangu, hapo umenifurahisha mno. Maana yake wa kujaribiwa walikuwa wanne tu: 193, 449, 577, 641. Dai la #4 linazidi kuwa gumu.

#12 · Kitunda Boy

Mtaani kwetu umeme umekatika tangu mchana, nyie mnagawanya namba za mfaransa aliyekufa 1665. Simu ikiisha chaji nani ataniambia mwisho?

#13 · Mpemba wa Muscat

Asalaam aleikum. Nyote mnabishana alijaribu au hakujaribu. Nina njia ya tatu.

Kanuni ya Fermat inasema: ikiwa n ni tasa, basi 2 kwa kipeo cha n − 1 inabakiza 1 ukiigawanya kwa n. Watu wengi wa zamani waliigeuza: ikibakiza 1 basi n ni tasa. Sasa iweke 4,294,967,297 kwenye mtihani huo. 2^32 inabakiza −1, kwa hiyo 2^64 inabakiza 1. Kipeo tunachokitaka ni n − 1, yaani 2^32 yenyewe, na hiyo inagawanyika kwa 64. Kwa hiyo jibu ni 1. Imefaulu! Na kila namba ya Fermat inafaulu mtihani huu, tasa kwa isiyo tasa, hadi milele.

Mtu anayeuamini mtihani huo angeona anao ushahidi wa zote kwa mpigo. Hapo hana sababu ya kugusa 641.

#14 · Mwana wa Malagarasi

Mpemba, hilo ni zuri na sikuwahi kulifikiria. Ila halinikai vizuri. Mtu aliyeigundua kanuni yenyewe atachanganyaje kanuni na kinyume chake? 341 inatosha kuuangusha mtihani huo: 341 ni 11 × 31, na 2^340 inabakiza 1.

#15 · Mzee wa Chaki

Mfano wa 341 ulitajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1819. Usimdai Fermat wa 1640 aujue.

Anayetaka mtihani wa kweli aache 2 ashike 3. Mfaransa mwingine, Pépin, aliuweka mwaka 1877: pandisha 3 kwa kipeo cha nusu ya n − 1. Ikibakiza −1, namba ya Fermat ni tasa. Ikibakiza kingine chochote, si tasa. Kwa 4,294,967,297 inabakiza 10,324,303. Haijakaribia hata kidogo. Na uzuri wake ni kwamba unajua si tasa bila kukijua kigawo chochote.

#16 · Msoma Barua

Nimekuwa kimya ila hapa kuna kitu mmekiruka. Fermat mwenyewe alisema nini?

Mwaka 1640 hakusema amethibitisha. Alisema anaamini na kwamba uthibitisho hana. Mwaka 1654 anamwandikia mwanahisabati mwenzake Pascal, bado uthibitisho kamili hana. Kisha mwaka 1659, kwenye ile barua ndefu kwa rafiki yake Carcavi ambapo anaorodhesha mambo aliyoyapata kwa njia yake ya kushuka (kuthibitisha kwa kushuka kwenye namba ndogo zaidi na zaidi hadi ishindikane), dai hili linaonekana miongoni mwa yale anayoona ameyashika.

Kwa hiyo ni karibu miaka 20 ya kulikumbuka jambo hilihili. Nikipima dai la mleta uzi, kwamba aliona tano akaridhika, halilingani na mtu anayelirudia miaka yote hiyo. Aliyelala nalo miaka hiyo amejaribu.

#17 · Ngalawa ya Mtwapa

Msoma Barua, Mungu akubariki. Ndicho ninachosema tangu #4. Alijaribu mapema, akakosea, akaandika pembeni "641 hapana", na tangu hapo hakurudi tena kwenye 641. Alikuwa anatafuta uthibitisho wa zote, hakuwa tena anatafuta kigawo. Kosa la mwanzo likamfuata hadi uzeeni.

#18 · BintiTanga

"Akaandika pembeni" umeiona wapi? Karatasi hiyo ipo?

#19 · Ngalawa ya Mtwapa

Haipo dada, nakadiria. Lakini na wewe hiyo ya kutokujaribu huna karatasi yake.

#20 · Nyota ya Eldoret

Hi wote. Kuhusu Euler kuna kisa kinachonipendeza. Hakuanza mwenyewe. Goldbach ndiye aliyemwandikia Desemba 1729 akimuuliza kama anajua kwamba Fermat alisema namba hizi zote ni tasa. Euler mwanzoni hakuonyesha shauku kubwa. Goldbach hakumwachia. Miaka mitatu baadaye Euler akaja na 641.

Na kwenye andiko lile la 1732 hakueleza alivyoipata! Aliweka jibu tu. Njia ya umbo la vigawo ilikuja kwenye andiko jingine la 1747.

Baadaye, 1878, Lucas akaiboresha: kigawo si 64 mara kitu kuongeza 1 tu, ni 128 mara kitu kuongeza 1. Angalieni 128: 129, 257, 385, 513, 641. Tasa humo ni 257 na 641 pekee. Na 257 Mzee wa Chaki ameshaifuta. Jaribio moja tu, jibu liko mkononi.

#21 · Kaka Chogo

Kuna mtoto wa Kimarekani aliifanya kichwani. Hili nina uhakika nalo, BintiTanga usinifukuze. Anaitwa Zerah Colburn, alizaliwa 1804, baba yake alimzungusha kwenye maonyesho hadi London. Akiwa bado mtoto aliulizwa kama 4,294,967,297 ni tasa, akajibu hapana, ni 641 mara 6,700,417.

#22 · BintiTanga

Hiyo ipo kweli Kaka, imeandikwa sehemu nyingi. Umepona leo.

#23 · Mpemba wa Muscat

Ipo, lakini wakati huo jibu la Euler lilikuwa na karibu miaka 80 vitabuni. Aliyemuuliza alikuwa analijua jibu, ndiyo maana akauliza namba hiyo. Mtoto anaweza kuwa alilisikia. Sisemi alidanganya.

#24 · Nyota ya Eldoret

Na inawezekana pia alijaribu tasa moja baada ya nyingine. Hadi 641 zipo 116 tu. Kwa kichwa kile si nyingi.

#25 · Mwanafunzi wa Iringa

Samahanini wakubwa, nipo kidato cha tano. Mwalimu wetu alituonyesha kwamba 641 inaigawa bila kugawanya kabisa. Naomba nijaribu kuiandika mnikosoe.

641 ni 5 × 128 + 1, yaani 5 × 2^7 ni sawa na −1 tukihesabu mabaki ya 641. Pandisha pande zote kwa kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 ni sawa na 1.
Lakini 641 pia ni 625 + 16, yaani 5^4 + 2^4. Kwa hiyo 5^4 ni sawa na −2^4.
Badilisha: −2^4 × 2^28 ni sawa na 1. Yaani −2^32 ni sawa na 1. Yaani 2^32 + 1 ni sawa na sifuri.

#26 · Mzee wa Chaki

Hakuna cha kukosoa hapo mwanangu. Umeiandika vizuri kuliko vitabu vingi. Msalimie mwalimu wako, na mwambie kuna mzee huku anamheshimu.

#27 · Mwana wa Malagarasi

Safi sana dogo. Iwekeni hii juu kabisa ya uzi.

#28 · Mama Pili

Nauliza kwa nia njema kabisa, si kubeza. Haya yote yana faida gani kwa mtu wa kawaida? Flashi ya fundi nimeielewa. Hizo nyingine?

#29 · Fundi Flashi

Mama Pili, mimi ya kwangu nimeshasema. Nawaachia wataalamu.

#30 · Jirani wa Ngong Road

Mama Pili, nafanya kazi ya usalama wa mifumo hapa Nairobi. Tovuti nyingi unazofungua, pamoja na za benki, zina cheti kinachothibitisha kwamba kweli ni zenyewe. Vyeti vingi hutumia ufunguo wa RSA, na ndani ya ufunguo huo kuna namba mbili: moja ndefu sana, ya siri kwenye vigawo vyake, na nyingine fupi ambayo karibu kila mtu hutumia ileile. Hiyo fupi ni 65537. Fermat ya tano ya mleta uzi!

Imependwa kwa sababu ukiiandika kwa sifuri na moja ina moja mbili tu, ya kwanza na ya mwisho, katikati sifuri tupu. Kupandisha namba kwa kipeo hicho unazidisha kwa yenyewe mara 16, kisha mara moja ya ziada. Kazi ndogo. Halafu ni tasa, kwa hiyo ni rahisi kuhakikisha haigongani na namba nyingine za ufunguo.

Na ile ndefu usalama wake wote umekaa kwenye jambo moja: hakuna anayejua kuivunja kwa haraka. Fermat kushindwa kuiona 641, na sisi leo kushindwa kuvunja namba ya tarakimu 600, ni ugumu wa ukoo mmoja.

#31 · Mama Pili

Nimeelewa. Asante mwanangu.

#32 · Seremala Mkuu

Zile tano zinaingia pia kwenye uchoraji. Gauss, Machi 1796, akiwa na miaka 18, alionyesha kwamba umbo lenye pande 17 sawa linachoreka kwa rula na bikari peke yake. Tangu enzi za Wagiriki watu walijua 3, 5 na 15, halafu kimya. Kisha akathibitisha kwamba pande zikiwa tasa, lazima iwe tasa ya Fermat.

#33 · Nyota ya Eldoret

Seremala, sehemu ya mwisho uirekebishe. Kwenye kitabu chake cha 1801 Gauss alisema hivyo, ila uthibitisho wa kwamba nyingine hazichoreki hakuuchapisha. Aliyeutoa ni Wantzel, mwaka 1837.

Na hapa Fundi Flashi anarudi. Idadi kubwa zaidi ya pande, kati ya namba witiri, tunayojua kwamba inachoreka kwa rula na bikari ni 4,294,967,295. Zao la zile tano zote. Baiti zilezile zilizoikataa video ya harusi.

#34 · Fundi Flashi

Weee! Hii naiandika ukutani dukani.

#35 · Seremala Mkuu

Na kuna Mjerumani, Hermes, alitumia miaka kumi kueleza uchoraji wa umbo la pande 65537. Alimaliza 1894, karatasi zake ziliwekwa sanduku zima Göttingen. Miaka kumi kwa umbo moja ambalo jicho haliwezi kulitofautisha na duara! Namheshimu kuliko ninavyoweza kueleza.

#36 · Kitunda Boy

Umeme umerudi. Swali langu: baada ya zile tano, kuna tasa nyingine ya Fermat popote? Au ndiyo basi?

#37 · Jirani wa Ngong Road

Hakuna anayejua. Tuziite F0, F1 na kuendelea, 3 ikiwa F0. Kuanzia F5, ambayo ndiyo ya uzi huu, hadi F32, zote zimethibitishwa si tasa. F33 haijulikani. Ina tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, kuifanyia mtihani wa Pépin wa #15 ni mzigo mkubwa mno kwa kompyuta za sasa.

Kwa maoni yangu zimeisha. Uwezekano wa namba ya ukubwa n kuwa tasa ni kama 1 kwa logi asili ya n. Logi ya kila namba ya Fermat ni takriban mara mbili ya iliyotangulia. Ukijumlisha uwezekano wa F33 na zote zilizobaki, jumla yake ni ndogo mno.

#38 · Mpemba wa Muscat

Hesabu hiyo inazichukulia kama namba za kawaida zilizookotwa njiani. Si za kawaida. Vigawo vyake vinabanwa kwenye umbo maalum. Hakuna kigawo 3, hakuna 5, hakuna 7, vidogo karibu vyote vimefungiwa nje. Namba iliyofungiwa vigawo vidogo ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa tasa kuliko unavyokadiria. Mwaka 1844 Eisenstein aliweka kama swali kuthibitisha kwamba tasa za Fermat hazina mwisho. Hakuwa mtu wa kubahatisha.

#39 · Jirani wa Ngong Road

Nakubali nafasi inaongezeka. Lakini hata ukiizidisha kwa mia bado ni ndogo. Na F5 hadi F32 ni kushindwa mara 28 mfululizo.

#40 · Mpemba wa Muscat

Fermat alikuwa na kukubali mara 5 mfululizo. Kufuatana si uthibitisho upande wowote.

#41 · Kaka Chogo

Si ndiyo tasa kubwa kuliko zote inayojulikana ni ya aina hii? Ile 2^82,589,933 − 1?

#42 · BintiTanga

Kaka Chogo, tulikuwa tumeshapatana. Hiyo ni ya Mersenne, ya kutoa 1, si ya Fermat. Na imeshapitwa: Oktoba 2024 ilitangazwa 2^136,279,841 − 1, tarakimu 41,024,320.

#43 · Msoma Barua

Kinachonishangaza mimi ni F20 na F24. Imethibitishwa si tasa, F20 mwaka 1987, F24 mwaka 1999, na hadi sasa hakuna kigawo hata kimoja kinachojulikana. Wanajua mlango upo, ufunguo hakuna.

Na zilizovunjwa kabisa zinaishia F11. F12 bado inashughulikiwa, vigawo kadhaa vimepatikana lakini kuna kipande kikubwa kimebaki.

#44 · Mwana wa Malagarasi

Turudi kwa Fermat kabla uzi haujapotea. Nimesoma hoja zote. Ya #13 nimeipenda, ya #16 inauma. Lakini bado nasimama kwenye langu kwa kiasi: naona alijaribu F5 kwa vigawo viwili vitatu vya mwanzo, 193, labda 449, akachoka, akarudi kwenye kutafuta uthibitisho wa jumla. Kukosea nne kwa nne sikubali, na kuikosea 641 peke yake naona ni bahati mbaya kupita kiasi.

#45 · Ngalawa ya Mtwapa

Sasa umehama, ulisema hakuijaribu kabisa. Karibu upande wetu polepole.

Na kukosea moja kati ya nne si bahati mbaya ya ajabu. Kosa lolote kwenye 193, 449 au 577 lisingemdhuru, jibu lingebaki "haigawanyiki". Kosa pekee linalodhuru ni la 641, na huko kosa lolote la tarakimu moja linatosha kuificha. Mabaki yakitoka chochote kisicho sifuri, umeshapita.

#46 · BintiTanga

Hiyo ya mwisho ni hoja ya kweli. Nitaifikiria. Lakini Mzee wa Chaki, swali: kwa nini asihakiki? Miaka 20!

#47 · Mzee wa Chaki

Mwanangu, nimesahihisha madaftari miaka mingi. Mwanafunzi huhakiki hesabu anayoitilia shaka. Ile aliyotaka itoke hivyo, na ikatoka hivyo, haihakiki. Lakini simwekei Fermat maneno mdomoni, hiyo ni hisia yangu tu.

#48 · Mwanafunzi wa Iringa

Wakubwa, nimejaribu kuendelea na F6, 18,446,744,073,709,551,617. Kwa kanuni ya Lucas iliyo #20, vigawo ni 256 mara kitu kuongeza 1. Nimeanza na 257, 769, 3329 na bado naendelea. Je, kipo karibu kama 641?

#49 · Nyota ya Eldoret

Dogo, 257 ruka kama tulivyosema. Na jiandae, si karibu. Kigawo kidogo cha F6 ni 274,177, yaani 1071 × 256 + 1. Kingine ni 67,280,421,310,721. Aliyechapisha jibu mwaka 1880 alikuwa Landry, mzee wa miaka 82, kwa mkono. Ukiwa na kompyuta andika programu fupi, itakutolea mara moja. Ukitaka kwa mkono, hakikisha 274,177 kwa njia ya BintiTanga ya #3: anza na 2^16, zidisha kwa yenyewe mara mbili. Lete mabaki yako hapa tuyalinganishe.